Magoti Yangu na Picha ya Kidato cha Nne

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwanza)



Awali ya yote napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Nimesema kusimama, lakini mnaniona nimekaa, na kwa hilo naomba radhi. Enzi zetu hapa shuleni, mwanafunzi aliyethubutu kuzungumza na mwalimu akiwa amekaa alijua kitakachompata jioni. Leo nimekaa kwa sababu ambayo ndiyo mada yenyewe.

Kamati iliniomba nizungumzie hali ya uvuvi katika Ziwa Victoria, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikamwandikia Katibu kumwomba anikubalie nibadilishe. Habari za sangara na dagaa mnaweza kuzipata pale Mwaloni Kirumba kutoka kwa wenyewe. Lakini habari nitakayoieleza leo hamtaipata kirahisi, na nimeona kwamba mahali panapofaa zaidi kuielezea ni hapa, katika mkutano wa watu walioachana wakiwa vijana na wanaoonana mara moja kwa miaka kadhaa. Sababu ya kusema hivyo mtaiona mbele.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1997. Wanaonikumbuka watasema nilikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, mchezaji wa pembeni asiyechoka kukimbia. Mwaka 2005 niliajiriwa kuwa afisa uvuvi, nikapangiwa Sengerema. Kazi ile ilikuwa ya mialoni na visiwani: kuingia mtumbwini alfajiri, kuruka majini kabla haujagusa mchanga, kupanda mawe, kupima samaki, kukagua nyavu. Nilikwenda Kome na Maisome nikarudi, na sikujua kwamba mtu ana magoti.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 31, magoti yakaanza kuuma. Kwanza nilidhani ni uchovu. Kisha yakafuata mabega, halafu kiuno, halafu nyonga ya kulia. Usiku vidole vilikuwa vinakufa ganzi, naamka nakung'uta mikono kama mtu aliyeshika upupu. Nikaenda kwenye zahanati, nikaambiwa ni baridi yabisi, kwa kuwa nashinda majini. Maelezo yale yaliniingia akilini, maana wavuvi nao hulalamikia miguu. Nikapewa vidonge vya maumivu. Vilipokwisha nikapewa vingine. Mahali pengine niliambiwa ni gauti, nikaacha nyama na maharage kwa mwaka mzima. Mzee mmoja wa kisiwani, kwa nia njema kabisa, aliniambia nimetegewa kitu mwaloni na wale niliowachomea nyavu haramu. Nami, msomi wa Chuo Kikuu, nakiri kwamba kuna usiku niliyafikiria maneno yake.

Wakati huo huo kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyahesabu kuwa ugonjwa. Viatu vyangu vilikuwa namba 42 nilipoajiriwa, na kufikia mwaka 2016 nilikuwa navaa namba 46. Nililaumu viatu vya siku hizi. Pete ya ndoa, niliyovishwa mwaka 2007, ilinibana hata sonara wa mjini akaikata kwa msumeno mdogo. Nililaumu ugali. Nikawa nakoroma kiasi kwamba watoto wananisikia chumba cha pili. Natokwa jasho hata wakati wa upepo wa ziwa. Meno ya mbele yakaachana, taya likasogea mbele, sauti ikawa nzito. Mke wangu hakuona kitu, na hilo si kosa lake. Anayekuona kila asubuhi anaona tofauti ya siku moja tu, na tofauti ya siku moja haionekani.

Nacheka peke yangu nikikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka mialoni na rula mkononi, nikiwaambia wavuvi sangara asipungue sentimita 50. Nilipima samaki wa watu miaka yote, lakini mguu wangu mwenyewe uliokuwa ukikua sikuupima hata mara moja.

Mwaka 2013 tulikutana hapa. Mtakumbuka nilipoingia mlicheka sana, mkanibatiza jina jipya, "Mzee Sangara", kwa ajili ya mikono na kidevu. Nami nilicheka, na sikukasirika hata kidogo. Lakini leo nataka niseme waziwazi: siku ile mliuona ugonjwa wangu kabla ya daktari yeyote. Mliuona wote kwa pamoja, mkaupa jina la utani, tukala wali tukaagana.

Mwaka 2018 tulikutana tena. Safari hii mwenzetu mmoja, mwalimu huko Geita, ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya changu bwenini, alikuja na picha yetu ya Kidato cha Nne. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Kisha akanivuta kando, chini ya ule mwembe, akaniambia: "Bwana, nisamehe. Mimi si mganga, lakini huyu wa kwenye picha na wewe si mtu mmoja. Wengine tumezeeka. Wewe umebadilika. Nenda hospitali kubwa, na picha hii nenda nayo."

Nilikwenda. Daktari kijana wa hospitali ya rufaa alinipiga eksirei ya magoti. Aliishika picha ile kwenye mwanga kwa muda mrefu, akaniambia kuna jambo halimwingii akilini. Mtu mwenye maumivu ya miaka 8, alisema, nafasi kati ya mfupa na mfupa kwa kawaida huwa imepungua, kwa kuwa gegedu limelika. Yangu ilikuwa pana kuliko ya mtu mzima wa afya. Ndipo nikamtolea picha ya mwaka 1997. Hakuuliza zaidi. Aliandika vipimo vya damu, na baadaye picha ya kichwa. Ugonjwa ule unaitwa akromegali.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nieleze ugonjwa huu kwa lugha nyepesi, kadiri nilivyoelezwa na kadiri nilivyosoma baadaye. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, iitwayo pituitari. Kazi yake mojawapo ni kutoa homoni ya ukuaji. Wakati mwingine katika tezi hiyo huota uvimbe mdogo, ambao kwa kawaida si saratani, lakini unatoa homoni hiyo bila kipimo. Homoni ikifika kwenye ini, ini nalo hutoa kichochezi kingine kinachojulikana kwa kifupi kama IGF-1, na hicho ndicho kinachokwenda kuviambia viungo vya mwili vikue.

Hali hiyo ikimpata mtoto, ambaye mifupa yake bado inarefuka, anakuwa jitu. Jirani zetu wa Msumbiji walikuwa na Gabriel Estêvão Monjane, aliyezaliwa mwaka 1944, akafikia urefu wa karibu mita 2 na nusu, na kitabu cha Guinness kikamtaja kuwa miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani. Alifariki mwaka 1990 baada ya kuanguka nyumbani kwake. Marekani kulikuwa na Robert Wadlow, mrefu kuliko binadamu wote ambao vipimo vyao vimethibitishwa, mita 2.72. Alitembea kwa vyuma vya kushikilia miguu, na mwaka 1940, akiwa na miaka 22, chuma kikamchubua kifundo, kidonda kikaingia vijidudu, akafa. Watu huwapiga picha majitu na kushangaa urefu wao. Ni wachache wanaojiuliza miguu ile inaubebaje mzigo huo.

Lakini ugonjwa ukimpata mtu mzima, kama mimi, mifupa mirefu imekwisha kufunga. Harefuki hata kidogo. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Kinachokua ni mikono, nyayo, taya, pua, ulimi, moyo, na gegedu la viungo. Pierre Marie, daktari wa Ufaransa aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1886, alichukua maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ncha za mwili na ukubwa.

Sasa tuje kwenye viungo, maana hapo ndipo penye hasara yangu. Gegedu ni ile sehemu nyeupe, laini na ngumu kiasi, inayofunika ncha ya mfupa. Aliyekwisha kula paja la kuku anaijua. Homoni ikizidi, gegedu hunenepa, na kano zinazofunga mfupa na mfupa hulegea. Mtu angedhani gegedu nene ni faida. Sivyo. Linanenepa bila mpangilio, huku nene na huku jembamba, na kiungo kinacheza kupita mipaka yake.

Wale wenye baiskeli watanielewa upesi. Gololi za gurudumu zikilegea, gurudumu linayumba. Bado unaendesha, unafika Igoma na unarudi, lakini kila mzunguko bakuli la gololi linakwanguka. Siku ukija kukaza na kutia grisi, gurudumu litatulia, lakini bakuli lililokwisha kulika haliwezi kurudi kuwa jipya. Ndivyo ilivyo katika goti na nyonga. Gegedu linapasuka, linalika, na mfupa katika kujaribu kujitengeneza unaota miiba pembeni. Hapo sasa ile nafasi iliyokuwa pana inakuwa nyembamba, na eksirei inafanana na ya mzee wa miaka 70. Magoti yangu yalikuwa bado katika hatua ya kwanza. Nyonga ya kulia ilikuwa imekwisha kuvuka.

Isitoshe, uti wa mgongo nao hauponi. Pingili za mgongo zaweza kuvunjika kidogo kidogo, hata kwa mtu ambaye kipimo cha uzito wa mifupa kinaonyesha yuko salama. Na ile ganzi ya usiku ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa nyama iliyouzunguka imevimba. Madaktari wanasema zaidi ya nusu ya wagonjwa wa akromegali wanakuja na maumivu ya viungo. Maana yake ni kwamba wengi wetu tumepita kwa mtu wa magoti miaka mingi kabla ya kufika kwa mtu wa tezi. Kwa kawaida inachukua kati ya miaka 5 na 10 tangu dalili za kwanza mpaka ugonjwa ujulikane, na hiyo ni pamoja na nchi zilizoendelea.

Mtauliza, ugonjwa huu ni wa watu wangapi? Ni wachache. Nchi zilizohesabu zinasema katika kila watu milioni 1, hujulikana wagonjwa wapya 3 au 4 hivi kwa mwaka, wanaume kwa wanawake sawasawa. Mkoa wa Mwanza, kwa sensa ya mwaka 2022, ulikuwa na watu 3,699,872. Kwa hesabu hiyo tungepata wagonjwa wapya kati ya 11 na 15 kila mwaka. Tuseme, kwa kuwa watu wetu wengi ni watoto, tupunguze iwe nusu. Je, hao 6 au 7 wa kila mwaka wako wapi? Nadhani wako kwenye foleni za dawa za maumivu, kama nilivyokuwa mimi.

Ndugu Mwenyekiti, sikusudii kuwachosha, lakini mtapenda kujua niliponaje. Mwaka 2019 nilipelekwa Dar es Salaam, nikafanyiwa upasuaji. Hawakupasua fuvu. Walipitia puani, wakautoa uvimbe. Sehemu ndogo iliyobaki inadhibitiwa kwa dawa. Wapo wagonjwa wanaochomwa sindano kila wiki 4, sindano za bei kubwa sana, na wapo wanaosaidiwa na vidonge au mionzi. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa umma, bima ilinibeba sehemu kubwa ya safari hiyo. Siwezi kulisema hilo bila kumkumbuka mvuvi wa Ukara mwenye magoti kama yangu na asiye na bima.

Baada ya upasuaji mambo mengi yalirudi. Ganzi ilikwisha. Jasho lilikwisha. Sukari iliyokuwa imepanda ikashuka. Sasa nalala kimya, na mke wangu anasema siku za kwanza alikuwa akiniamsha kuona kama niko hai. Magoti yamepata nafuu, maana gegedu lililonenepa bila kulika huweza kupungua homoni ikishuka. Lakini nyonga haikurudi. Damu yangu imekuwa safi kwa miaka kadhaa, na nyonga imeendelea kuharibika kwa mwendo wake, kama bakuli la gololi. Nimehamishiwa ofisini. Mtumbwini sipandi tena. Mwaka huu nimevuka daraja la Kigongo–Busisi kwa gari, nikaangalia chini kwenye maji niliyokuwa nikivuka kwa kivuko, nikiruka ngazi mbili mbili. Nikapiga hesabu: kati ya mwaka 2010 na 2018 ni miaka 8. Kama ningejulikana mwaka 2013, siku ile mliponiita Mzee Sangara, pengine leo ningezungumza nanyi nimesimama.

Sisemi hayo kwa kulaumu. Mwaka ule wa 2013 mimi mwenyewe nilicheka kuliko wote. Nasema kwa sababu nimegundua kwamba chama kama hiki kina kazi ambayo hatukuifikiria. Daktari anakuona leo kwa mara ya kwanza, anadhani ndivyo ulivyozaliwa. Mkeo na wanao wanakuona kila siku, wamezoea. Anayekukumbuka ulivyokuwa ukiwa na miaka 18, na akakuona tena ghafla baada ya miaka 5, ni mtu mmoja tu, naye ni mwenzako wa bwenini.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza: tukikutana, tutazamane vizuri kabla ya kutaniana. Ukimwona mwenzako ambaye mikono imekuwa minene, taya limetoka, meno yameachana, kisha ukasikia analalamikia viungo vingi kwa pamoja naye hajafika miaka 50, mwulize kwa upole namba ya kiatu, pete na usingizi. Usimtangazie ugonjwa, maana huenda ni unene tu au urithi wa kwao. Mwambie aende akapimwe. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo Bugando, iliyoko pale juu ya kilima tangu mwaka 1971. Hatuna haja ya kuanzia mbali.

La pili: yeyote anayekwenda hospitali kwa maumivu yasiyokwisha aende na picha yake ya zamani. Haina gharama yoyote. Mimi picha yangu ilinisaidia kuliko vidonge vyote nilivyomeza kabla yake.

La tatu linahusu gazeti letu hili. Napendekeza kila toleo lichapishe picha ya darasa moja la zamani, na kando yake picha ya watu wale wale walivyo leo. Wengine watasema ni kwa ajili ya kumbukumbu, na itakuwa hivyo. Lakini huenda siku moja mtu akaishika kurasa ile kwenye mwanga, kama yule daktari alivyoishika eksirei, akamwona mwenzake kwa wakati.

André Roussimoff, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa miereka, alikuwa na ugonjwa huu. Mamilioni walimtazama akipigana, na wakalipa kiingilio. Mwaka 1986 alipasuliwa mgongo, na miaka yake ya mwisho alikuwa hawezi hata kunyanyua mtu mwepesi. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 46. Huo ndio umri wangu wa leo. Tofauti kati yangu na yeye si ujasiri wala elimu. Ni kwamba mimi nilipata mtu mmoja wa kunivuta chini ya mwembe.

Mwalimu wa Geita yuko hapa, ameketi mstari wa nyuma, na najua hapendi kutajwa. Basi simtaji. Naomba tu, Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, ninyi nyote mnaoweza kusimama, msimame mmpigie makofi kwa niaba yangu.